Msiba Usio na Maiti

Uongo wenyewe ulimtoka Fundi Jumatano asubuhi, sketi ya shule ya mtoto wa mtu ikiwa juu ya mapaja yake. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mbele, chumba ambacho mchana ni duka la kushonea na jioni ni sebule. Swali lake lilikuwa la kawaida tu: zile gauni za harusi zitakuwa tayari Jumamosi? Fundi akatema pini mkononi, akajibu bila kuinua macho.

"Jumamosi sitakuwepo, mama. Kuna mteja wangu amefariki. Nitakwenda msibani."

Jamani! Katika uongo wote uliojaa duniani, akachagua huo. Angeweza kusema anafuata vitambaa. Angeweza kusema jino linamsumbua, na jino la mtu nani atalikagua? Lakini kumtajia msiba mama mkwe yule, ni sawa na kumtajia paka samaki. Mama mkwe hakosi msiba. Akisikia kilio mtaa wa tatu, anajifunga mtandio kwanza, jina la marehemu anauliza njiani. Analia vizuri, anaosha vyombo bila kuombwa, na wiki nzima baadaye anahadithia nani alikuja, nani hakuja, na nani alikuja amejipaka rangi ya mdomo.

"Mteja yupi?"

"Humjui. Anakaa mbali, upande wa pili wa mji."

"Na wewe uende peke yako kama mtu asiye na kwao? Watu wasemeje? Kwamba ukoo wetu haujui kuzika?" Mama mkwe alikwisha kuingia ndani na kukaa juu ya rundo la vitambaa. "Msiba wa mteja wako ni msiba wa nyumba hii. Tutakwenda wote."

Fundi alisema jua litakuwa kali. Akaambiwa jua halijaanza leo. Alisema magoti ya mama yatamuuma. Akaambiwa magoti ni ya nani? Mwisho akarudisha pini mdomoni.

Msiba haukuwepo. Kulikuwa na mkutano. Kwa miaka mitatu Fundi alikuwa Mbudha, na katika nyumba ile hakuna aliyejua, hata panya. Ilianza mwaka ule mimba yake ya pili ilipoharibika. Alikuwa hapati usingizi, na siku moja akasikia kwenye simu mtu akifundisha namna ya kukaa na pumzi yako bila kuikimbia huzuni. Akalala siku hiyo. Akarudi kesho yake. Huko akakuta watu sita waliotawanyika mijini na barabarani, wanaokutana kwa simu kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, wakisalimiana kwanza, kisha wakikaa kimya nusu saa kila mtu kwake. Yeye alikaa na simu mfukoni na kisikilizio kwenye sikio moja, mguu ukikanyaga cherehani isiyo na uzi, ili nyumba idhani anafanya kazi. Mama mkwe alishawahi kulalamika kwamba cherehani inalia tangu alfajiri na nguo za watu haziishi.

Sura zao hakuwahi kuziona. Walikubaliana kutumia sauti tu, maana Dereva wa Lori alikuwa porini kwenye mtandao wa kusuasua. Lakini aliwajua. Alijua Mwalimu Mstaafu hukohoa kabla ya kusema jambo la maana. Alijua Nesi akitoka zamu huwa analia kidogo, halafu anaomba radhi. Hao ndio walikuwa watu wake, na Jumamosi hii, kwa mara ya kwanza, wangekaa chumba kimoja. Mtawa aliyekaa ng'ambo miaka kumi na mmoja angepita mjini kwa siku moja, kesho yake aondoke. Mbele yake wangetamka kanuni tano ambazo Mbudha hujifunga nazo: kutoua, kutochukua asichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa vileo. Na kufika huko kutamka ya nne, Fundi ilibidi adanganye. Hilo lilimchoma roho siku zote tatu.

Kwa nini asiseme ukweli? Aseme, halafu? Mumewe ni fundi wa kuchomea mageti, mtu mzuri akishiba na mtu mgumu akikasirika, na ndiye anayeshika funguo za nyumba yao ya ibada. Miaka miwili iliyopita, mke wa fundi bomba, nyumba ya nne kutoka hapo, alibadili dini. Hakupigwa, hakutukanwa. Alifungashiwa begi moja tu, na mtoto wake akabaki. Mume wa Fundi alikuwa mmoja wa wazee walioketi kuamua, na jioni ile alipokuja kula alisema, "Mtoto hawezi kulelewa na mtu asiyejua anasimama wapi." Binti yao alikuwa pembeni akijifunza kusoma herufi. Sasa yuko darasa la pili. Ndiyo maana Fundi hakusema.

Jumatano hiyo hiyo jioni, mama mkwe alimpa mwanawe habari za msiba mezani, na mume akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Poleni," alisema. "Nitawaambia na wenzangu kazini."

Fundi akasema asante.

*

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la saruji na mabati. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Fundi ilikuwa ngazi ishirini na mbili, na mama mkwe alizipanda moja moja, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa mkwewe. Miwani aliiacha nyumbani. Miwani msibani ya nini, alisema, unalia nayo inajaa ukungu.

Njia nzima Fundi alikuwa akipanga. Atamwacha mama chini kwa muuza duka. Atamwambia amesahau nyumba. Atajifanya kizunguzungu. Lakini kila alipofungua mdomo aliona Jumapili, mtawa ameondoka, yeye amerudi kwenye cherehani, na sauti sita zinasimulia mkutano ambao hakuuona. Akapanda tu.

Mlangoni kulikuwa na viatu vimepangwa. Ndani watu walikaa chini kwenye mikeka, wengi wamevaa nyeupe, hakuna anayezungumza. Mbele, meza yenye kitambaa safi, maua, mishumaa miwili, ubani unafuka, na katikati picha ya mzee mmoja kwenye fremu, mwalimu wa yule mtawa. Kando ya picha kulikuwa na sanamu ndogo ya Budha, haizidi kikombe, na kwa macho ya mama mkwe ilikuwa kikombe kweli. Mtawa mwenyewe alikaa karibu na meza, amejifunga shuka la rangi ya kahawia, kichwa kimenyolewa kikawa kinang'aa.

Mama mkwe alisimama, akavuta pumzi. "Masikini," alinong'ona. "Mfiwa ndiye yule aliyenyoa. Na marehemu alikuwa na uso wa upole, ona." Hapo hapo akaachia kilio. Si kilio cha kuigiza. Kilikuwa kilio chake chenyewe, kinachoanzia tumboni, na kilitikisa vioo vya madirisha.

Watu wote wakageuka. Msichana mmoja mwembamba akanyanyuka mbio kuja mlangoni, na alipouliza "Mama, kuna nini?" Fundi akaijua ile sauti. Huyu ndiye Nesi! Kumbe mdogo hivi, anaweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Siku zote Fundi aliifikiria dakika hii, jinsi watakavyokumbatiana na kucheka. Badala yake alimshika mkono akamsemea sikioni, uso ukiwaka kwa aibu.

"Mimi ni Fundi. Huyu ni mama mkwe wangu. Nilimwambia kuna msiba. Nisaidieni, nakuombeni."

Nesi alimtazama. Nyuma yake alikwisha kufika baba mmoja mnene, akakohoa, na Fundi akajua ni Mwalimu Mstaafu. Dereva wa Lori, mwenye sauti ya kutisha watoto, alikuwa kijitu kifupi kimevaa kofia ya kusuka. Wote wamesikia. Na hapo ndipo ulipo ugumu: watu sita walioamka alfajiri, wakaoga, wakavaa nyeupe ili waape kutosema uongo, wanaletewa uongo mlangoni wausaidie kubeba. Wakatazamana kama watoto waliovunja chungu.

"Poleni sana, wanangu," mama mkwe alisema, akifuta machozi. "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Karibu, mama," alisema Mwalimu Mstaafu kwa uangalifu, akipima kila neno. "Asante kwa kuja."

"Aliugua muda mrefu?"

Mwalimu akakohoa. Dereva akavua kofia, akaivaa tena. "Yule mzee wa kwenye picha aliugua miezi minane, mama," akasema Nesi, na kweli aliugua miezi minane, miaka kumi na tano iliyopita.

"Miezi minane!" Mama mkwe akavuka ukumbi moja kwa moja mpaka kwa mtawa. Wabudha wale wakabana pumzi, kwa sababu mtawa wa aina ile hagusani na mwanamke. Mtawa aliunganisha viganja kumsalimu. Mama mkwe akavifunika viganja vile kwa mikono yake miwili yenye nyufa za sabuni, akavitikisa. "Jikaze, baba. Wewe ndiye mwanamume, ukianguka wewe nani atasimama?" Mtawa hakuvuta mkono. Alibaki hivyo mpaka mama mkwe mwenyewe alipomwachia, kisha akasema, "Nitajitahidi, mama."

Wakamletea kiti kizuri. Wakamletea chai. Mama mkwe alitaka kwenda jikoni kusaidia, akaambiwa hapana, wewe ni mgeni, pumzika. Alikaa kitako akiwa hajui aiweke wapi mikono yake. Tangu aolewe hajakaa msibani bila sufuria.

Fundi alikaa mkekani karibu na kiti kile, katikati ya watu aliowatamani miaka mitatu, na hakuweza kuwatazama usoni. Dereva wa Lori alimpenyezea mto mdogo wa kukalia. Kitendo kidogo tu hicho, akaupokea bila kuinua macho.

*

Walikaa kimya nusu saa. Mama mkwe naye alikaa kimya, akimsikitikia marehemu. Kisha mtawa akaanza kutaja kanuni, moja moja, na wao wakirudia.

"Nashika kanuni ya kujizuia na kuua." Wakarudia. Fundi akarudia.

"Nashika kanuni ya kujizuia kuchukua nisichopewa." Akarudia. Ya tatu akarudia.

"Nashika kanuni ya kujizuia na kusema uongo."

Sauti zilipanda, Nesi, Mwalimu, Dereva, wote. Ya Fundi haikutoka. Alifungua mdomo, ulimi ukalala. Angeweza kuchezesha midomo, nani angejua? Lakini angejua yeye. Mtawa aliona, akasubiri. Hakumsukuma, hakuendelea na ya tano. Ukumbi mzima ukasubiri. Chini, mtu alikuwa anahesabu mabati kwa sauti.

Mama mkwe akamgusa kwa ncha ya kidole cha mguu. "Itikia, mwanangu," alinong'ona. "Usiwaaibishe wafiwa."

Fundi akageuka. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. "Mama, hapa hakuna msiba."

"Nini?"

"Hakuna aliyekufa. Nilikudanganya. Hawa ni watu wa dini ya Budha, na mimi ni mwenzao. Mwaka wa tatu sasa. Nisamehe, mama."

Mama mkwe alitazama maua. Akatazama ile picha. "Na yule?"

"Alikufa zamani. Ni mwalimu wa mwalimu wetu."

"Kwa hiyo nimelia bure." Alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Mbele za watu. Mtu mzima na mvi zangu, nimemlilia mtu nisiyemjua, nimeshika mikono ya mwanamume." Akaweka kikombe sakafuni, akajifunga mtandio. "Mngeniambia. Hata mmoja wenu. Mngeniambia tu."

Mwalimu Mstaafu aliinamisha kichwa. Mama mkwe akatoka, na mlangoni akasikika akihangaika kutafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu.

Fundi alisimama amfuate. Akatazama mlango, akamtazama mtawa ambaye kesho hayupo. Akiwa amesimama hivyo hivyo, mkoba begani, akatamka ya nne. Mtawa akataja ya tano, akaitamka na hiyo. Nesi akamshika mkono dakika moja. "Tumekuona," alisema. "Angalau tumekuona." Hicho ndicho alichopata.

*

Mama mkwe hakuwa amefika mbali. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya sita, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani haijui na viatu alivyovaa havikuwa vyake.

"Wanakutoza pesa?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapana, mama."

"Wanakukataza mumeo?"

"Hapana."

"Wanafanya nini sasa?"

"Wanakaa kimya."

"Basi?"

"Basi."

Mama mkwe akaguna. Fundi akaketi kando yake. Vumbi la saruji lilikuwa linapanda kutoka dukani.

"Unamkumbuka mke wa fundi bomba?"

"Namkumbuka kila siku."

"Siku ile anaondoka, mtoto alimkimbilia. Unajua nani alimshika? Mimi. Waliniambia mshike, nikamshika. Alining'ata hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono, ambapo hapakuonekana kitu. "Sitaki kumshika mtoto tena. Wa kwangu mwenyewe ndiyo kabisa. Kwa hiyo nisikilize. Sisi tumetoka msibani. Marehemu ni mteja wako. Tumezika, tumerudi, yamekwisha."

"Mama, nimeapa sasa hivi. Nimeapa nisiseme uongo."

"Hutasema wewe, nitasema mimi. Wewe kaa kimya. Si ndicho mnachojua?"

Fundi alitaka kumkumbatia na alitaka kukimbia. Hakufanya hata kimoja. Alipanda juu, akabadilisha viatu vya mama, wakaenda nyumbani.

*

Mama mkwe alidanganya vizuri kuliko alivyowahi kulia. Mume alikuwa amerudi mapema, masizi ya kuchomea bado usoni, binti yao amekaa miguuni pake. Mama mkwe alimpa marehemu umri, ugonjwa wa miezi minane, mjane, na shemeji mlevi aliyetaka kuleta fujo kaburini. Fundi alisimama karibu na cherehani, mdomo ameufunga. Aliona kama ataweza. Mambo yalikuwa yanapita juu ya kichwa chake.

Kisha mume akanyanyuka, akatoa bahasha mfuko wa nyuma. Ilikuwa imekunjwa mara mbili na ina alama za vidole vyeusi.

"Vijana kazini wamechanga," alisema. "Si kitu kikubwa, unajua hali. Yule mzee anayepaka rangi hajalipwa wiki ya pili, lakini naye katoa. Nikamwambia acha, akasema hapana, msiba ni msiba." Akamnyoshea mkewe. "Mfikishie mjane. Mwambie poleni."

Fundi alimtazama mama mkwe. Na mama mkwe, mwenye maneno ya kila mahali, alikuwa anatazama sakafu. Bahasha ilibaki hewani. Hapo hakuna wa kumsemea. Ama anyoshe mkono, ama aseme.

Alijua sentensi yenyewe. Ilikuwa fupi, alikwisha kuisema mara moja siku hiyo: hakuna aliyekufa. Alikuwa nayo kwenye ulimi. Binti yake aliinua kichwa akauliza, "Mama, mjane ndiyo nani?" Kwenye goti alikuwa na kidonda alichokitumbua, na kesho kitahitaji kuoshwa.

Fundi akapokea bahasha kwa mikono miwili.

"Nitamwambia," alisema. "Ahsante, mume wangu. Mungu awalipe."

Akaingia jikoni, akawasha jiko ambalo hakuwa na cha kupika juu yake. Mama mkwe akamfuata nyuma, akasogea mpaka bega likagusa bega. "Usiihofu bahasha," alinong'ona. "Tutatafuta msiba. Wafiwa hawakosekani. Wiki haiishi, nitakupeleka, utaitoa kwa mkono wako."

Ilikuwa rehema, na Fundi aliijua kuwa rehema. Lakini alisikia pia kama kitasa kikizungushwa mara ya pili, yeye akiwa ndani. Akaanza kulia. Alilia kama alivyolia mama mkwe kule juu, kutoka tumboni, kwa sababu ya watu sita aliowaacha bila kuwakumbatia, na ya kanuni ya nne, na ya ile ya pili ya kutochukua asichopewa, zote hazikumaliza siku moja.

Mumewe akaja mlangoni. Siku nyingi hakuwa amemgusa mchana kweupe, lakini aliingia, akafuta mikono kwenye suruali, akamwekea mkono mgongoni. Alikuwa mpole kuliko alivyokuwa mwaka mzima.

"Lia tu, mke wangu," alisema. "Usijizuie. Mtu wa watu akifa lazima aliliwe."

Akamletea kiti, akamkalisha, akasimama naye mpaka alipotulia. Kisha akamwambia binti yao amletee mama maji.